Tuyagange Yajayo: Akaunti Iliyovunjwa na Kiswahili cha Kuilinda

Methali ina vipande viwili, lakini wengi wetu tumezoea kukitamka kimoja. Mtu anapotapeliwa fedha zake kwenye simu, jamaa humzunguka wakampa pole, kisha mmoja wao hutia muhuri: yaliyopita si ndwele. Mazungumzo huishia hapo. Kipande cha pili, kile kinachotuamuru tuyagange yajayo, huachwa kikielea hewani kana kwamba wahenga walikiongeza kwa ajili ya vina tu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kazi yote imo katika kipande hicho cha pili. Akaunti iliyovunjwa mara moja ni nyumba ambayo mwizi ameondoka na nakala ya ufunguo wake. Aidha, nashikilia kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunadaiwa katika jambo hili, na deni lenyewe hatujaanza hata kulikiri, seuze kulilipa.

Naijua pingamizi itakayotangulia. Yapo maoni miongoni mwetu kwamba jarida la chama cha Kiswahili ni uwanja wa fasihi na isimu, na kwamba mambo ya simu na benki yana wenyewe. Nawaomba wenye maoni hayo wanivumilie hadi nusu ya makala. Wizi ninaouzungumzia hapa hautumii panga wala mtarimbo. Unatumia sentensi, tena sentensi za Kiswahili.

Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya, simu ya mkononi imekuwa mkoba wa mwananchi wa kawaida. Mkoba huo umezaa matawi: M-Shwari mwaka 2012 kwa akiba na mikopo, Fuliza mwaka 2019 kwa mtu ambaye salio lake limepunguka katikati ya malipo, pamoja na programu za benki na akaunti za malipo ya kimataifa ambazo wanafunzi wengi huzitumia kupokea ujira wa kazi za uandishi mtandaoni. Jambo ambalo watu hawalitii maanani ni kwamba matawi haya yote yameshikana na shina moja. Nambari ya simu hufungua barua pepe, barua pepe hufungua akaunti ya malipo, na akaunti ya malipo imeunganishwa na benki. Anayeshika shina hana haja ya kupanda kila tawi.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na ushauri unaotolewa haraka haraka, kwamba aliyeibiwa abadilishe nambari ya siri basi. Nambari ya siri inabadilishwa wapi? Kama laini yenyewe imehamishiwa kwenye kadi nyingine iliyo mkononi mwa tapeli, huna pa kuibadilishia. Na kama barua pepe yako bado inasomwa na mtu mwingine, kila nenosiri jipya utakaloliweka yeye ataliomba upya na kupewa. Utaratibu wa kuganga una mantiki yake. Kwanza laini. Simu inayopoteza mtandao ghafla ilhali simu za majirani zinao ni dalili mbaya, hasa ikiwa awali ulipigiwa simu nyingi za kukukera ili uizime. Azima simu ya mtu, uipigie kampuni, uombe laini ifungwe, kisha uende dukani kwao na kitambulisho. Laini ikisharejea, wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili isiweze kubadilishwa tena isipokuwa katika maduka ya kampuni yenyewe, na *106# ili waone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Hii ya pili watu wengi huidharau, ilhali si ajabu mtu kukuta laini asiyoijua inatumika kwa jina lake.

Baada ya laini, barua pepe. Hapa kubadilisha nenosiri ni nusu ya kazi. Ni lazima kuvitoa nje vifaa vyote vilivyokwisha kuingia, na kuangalia kama tapeli hakuacha agizo la kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yake, wala hakuongeza nambari yake kuwa ndiyo ya kurejeshea akaunti. Mwizi wa kizazi hiki hubisha hodi kwa sauti mara moja. Baada ya hapo hukaa kimya ndani ya nyumba. Barua pepe ikishakuwa safi ndipo tunapoishukia akaunti ya malipo yenyewe: nenosiri jipya ambalo halitumiki kwingineko, kadi na akaunti za benki zilizounganishwa kinyemela ziondolewe, ruhusa za malipo ya kujirudia zifutwe, na uthibitisho wa hatua mbili uwekwe. Pale penye uwezekano, msimbo wa hatua ya pili na utoke katika programu maalumu ya simu badala ya ujumbe mfupi, maana ujumbe mfupi hufuata laini, nayo laini tumekwisha kuona inavyohamishika. Kuna pia hila ya kuelekeza simu zako kwa nambari nyingine baada ya kukubembeleza ubonyeze tarakimu fulani. ##002# huyafuta maelekezo yote ya namna hiyo.

Kisha huja mikopo. Tapeli aliyekuta salio la shilingi mia mbili haondoki na mia mbili. Hukopa kwa jina lako hadi mwisho wa kiwango chako, akazituma na hizo. Kwa hivyo taarifa ya mwezi mzima haina budi kusomwa mstari kwa mstari, mikopo isiyokuwa yako ipingwe kwa maandishi, na kituo cha polisi kikupe nambari ya OB, kwa kuwa bila nambari hiyo benki na mashirika ya kumbukumbu za mikopo yatakuhesabu kuwa mdaiwa sugu. Sheria ipo: ile ya makosa ya kimtandao ya mwaka 2018 inautambua ulaghai unaofanywa kwa kompyuta kuwa jinai, na ile ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake. Sheria hizi hazijilalamikii zenyewe.

Nafika sasa kwenye kiini cha makala. Kwa nini maarifa haya, ambayo si ya ajabu wala ya siri, hayawafikii wanaoyahitaji, ilhali maneno ya tapeli huwafikia bila kupotea njia? Jibu langu ni kwamba tapeli anakijua Kiswahili kuliko wanaotulinda.

Tuuchukue ule ujumbe mfupi ambao karibu kila Mkenya mwenye simu amewahi kuupokea, unaomtaka atume "ile pesa" kwa "hii namba". Tuusome kama tunavyofundishwa kuisoma matini yoyote. Katika darasa la sarufi tunaambiwa kwamba kiashiria cha mbali hakionyeshi umbali wa mahali pekee, bali hurejelea pia jambo ambalo wazungumzaji wote wawili wanalifahamu. Mwandishi wa ujumbe huu hafahamu pesa yoyote. Hajui kama mpokeaji anadaiwa kodi ya nyumba, karo, au mchango wa harusi. Anatamka "ile", naye msomaji mwenyewe anaijaza. Miongoni mwa maelfu wanaoupokea, yuko ambaye asubuhi hiyo kweli aliahidi kumtumia mtu pesa, na kwake yeye ujumbe huu haukutoka kwa mgeni. Umetoka kwa yule anayemdai. Silabi mbili zimeunda historia ya pamoja baina ya watu ambao hawajawahi kuonana.

Haikuishia hapo. Ujumbe huo aghalabu huongeza jina litakalotokea wakati wa kutuma. Hebu tuzingatie ujanja huu. Kampuni ilipoanzisha huduma ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, na ikaipa jina zuri la Hakikisha, ilikusudia mtumaji akiona jina geni asite. Tapeli akalitangulia jina. Sasa jina geni likitokea, badala ya kumshtua mtumaji, linamtuliza, maana ndilo aliloambiwa atalikuta. Kinga imegeuzwa kuwa ushahidi wa uongo. Nimesoma tahakiki nyingi za riwaya kuhusu msimulizi asiyeaminika, lakini sijakutana na mfano ulio mfupi na kamili kama huu, na nashangaa kwamba hautumiwi katika somo letu la mtindo.

Simu za moja kwa moja nazo zina ufundi wake. Mpigaji huanza kwa kutumia cheo cha heshima kinachomfaa anayempigia, "mama" au "mzee wangu", huuliza hali ya watoto, hujitambulisha kuwa yuko huduma kwa wateja, na hata huonya dhidi ya matapeli! Halafu huomba "zile namba sita zilizoingia kwa simu yako". Si msimbo, si nywila, si uthibitisho. Namba sita zilizoingia. Kila mtu anaelewa. Simu za aina hii zimeripotiwa mara nyingi kutoka hata nyuma ya kuta za magereza, jambo linalotuonyesha kwamba mtaji pekee unaohitajika ni simu na ulimi.

Tulinganishe na upande wa pili. Onyo la kawaida linaloandikwa kwa Kiswahili husema: usishiriki nambari yako ya siri na mtu yeyote. Aliyelitafsiri hakuwa na Kiswahili kichwani. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo, kuingia shirika: mtu hushiriki karamu, hushiriki maziko, hushiriki mashindano. Nambari ya siri haishirikiwi. Mzee anayeisoma sentensi hiyo haoni kwamba amekatazwa lolote. Laiti wangeandika "usimtajie mtu nambari yako ya siri, hata akisema anatoka kwetu", wangekuwa wamemziba tapeli mdomo kwa maneno machache tu. Wahadhiri wetu husahihisha makosa ya namna hii kwa kalamu nyekundu na kuyatoza alama moja. Huko nje yanatozwa akiba ya mtu.

Na hilo ndilo Kiswahili linapokuwepo. Mara nyingi halipo. Sote tumeona jinsi lugha yetu inavyotafutwa pale panapouzwa bidhaa. Majina ni ya kupendeza: Sambaza, Bonga, Okoa Jahazi, Fuliza, Shwari. Mwananchi huitwa kwa lugha yake hadi mlangoni, kisha akishaingia hukabidhiwa masharti marefu ya Kiingereza cha mawakili. Sitetei dhana kwamba kampuni hizi zina nia mbaya, na ni haki kukiri kwamba mteja anaweza kuibadilisha lugha ya menyu ya M-Pesa ikawa Kiswahili. Lakini menyu ni ya kutuma. Lugha ya kulalamika, ya kudai, ya kukanusha deni, ndiyo inayokosekana.

Shangazi yangu aliwahi kujaza fomu ya malalamiko katika tawi la benki moja baada ya akiba ya chama cha akina mama kuchotwa kupitia programu ya simu. Fomu ilikuwa ya kurasa nne. Baadaye niliisoma nakala aliyopewa. Katika ukurasa wa tatu, juu ya sahihi yake, palikuwa na kauli kwamba muamala unaolalamikiwa ulifanywa kwa nambari ya siri ya mteja, na kwamba mteja anafahamu kuwa miamala ya aina hiyo huchukuliwa kuwa imeidhinishwa naye. Yaani mlalamishi alitia sahihi hukumu dhidi yake mwenyewe, katika lugha ambayo hana mazoea ya kuisoma, akidhani anajaza jina na tarehe. Majibu yalipokuja baada ya wiki tatu, yalitaja kauli hiyo na kufunga jalada. Kina mama kumi na sita walikuwa wakiweka akiba hiyo kwa karo ya muhula wa tatu.

Kisa hicho kinanirejesha kwenye suala la istilahi, ambalo naona ndilo lililo ndani kabisa ya taaluma yetu. Shangazi alipoulizwa kilichotokea alisema "nimeibiwa". Ni kweli, lakini katika uwanja huu kuna mambo matatu yanayofunikwa na kitenzi hicho kimoja. Kudukuliwa ni pale mtu alipoingia kwenye akaunti bila wewe kujua. Kutapeliwa ni pale ulipodanganywa ukatuma kwa mkono wako. Kubadilishiwa laini ni pale nambari yako ilipohamishwa na mtu aliyejifanya wewe. Benki hutofautisha mno baina ya hayo, kwa sababu katika la kwanza na la tatu si rahisi kukutupia lawama yote, ilhali katika la pili husema kwa wepesi kwamba ulituma kwa hiari. Mlalamishi asiye na msamiati wa kutofautisha huwekwa katika kapu ambalo halimgharimu mwenye benki.

Wala si sheria ya maumbile kwamba aliyedanganywa abebe mzigo peke yake. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2024, watoa huduma za malipo wanalazimika kumrejeshea mteja aliyedanganywa akatuma mwenyewe, hadi kiwango cha pauni 85,000, kwa malipo yanayofanywa humo nchini na kwa masharti fulani. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 1978 inayompunguzia hasara mwenye akaunti ambayo imetumiwa bila idhini kwa kadiri anavyowahi kutoa taarifa: ndani ya siku mbili za kazi baada ya kugundua kadi au siri yake imeibwa, hasara yake haizidi dola 50, akichelewa, inaweza kupanda hadi 500 na zaidi. Hapa kwetu Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sioni jinsi vifungu hivi viwili vinavyoweza kusomwa pamoja kisha fomu ya malalamiko ikabaki katika lugha moja tu.

Wako watakaosema kwamba vijana wanatumia Sheng na wazee wanatumia lugha zao za mama, kwa hivyo Kiswahili sanifu hakitamfaa yeyote. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Tapeli hatumii Kiswahili sanifu, na wala simtaki mwandishi wa maonyo aandike kama anayetafuta shahada. Hata hivyo, sanifu si kinyume cha wepesi. "Usimtajie mtu" ni sanifu na inaeleweka Kitui, Kakamega na Kilifi. Kinachotutatiza ni kwamba tumejizoeza kuandika kwa ajili ya wahadhiri wetu pekee, tukashindwa kumwandikia mtu ambaye ana haraka, ana hofu, na simu yake imekufa mtandao.

Katika jambo la aibu pia tuna la kusema. Aliyetapeliwa hunyamaza, na lugha yetu humsaidia kunyamaza. Tunasema "ameliwa", tunacheka, tunamwita mshamba. Kimya hicho ndicho kinachomletea mwizi wa pili, yule anayepiga simu siku tatu baadaye akidai kuwa ni afisa anayeweza kuzirejesha pesa kwa ada ndogo. Orodha ya waliokwisha kutapeliwa ina thamani kwa matapeli, maana wamo watu wenye uchungu na waliokwisha kuthibitisha kwamba hushawishika. Hakuna afisa wa kweli anayeomba ada ili akurejeshee ulichoibiwa. Vivyo hivyo anayekupigia akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa: usizirudishe kwa mkono wako, usiuamini ujumbe, angalia salio, kisha umwelekeze atume ujumbe wa muamala kwa 456 ili kampuni ishughulike. Na ujumbe wowote wa ulaghai utumwe kwa 333. Safaricom wametangaza kwamba wao hupiga simu kutoka 0722 000 000 pekee, jambo ambalo lingestahili kubandikwa ukutani katika kila zahanati na kila soko.

Napendekeza yafuatayo kwa chama. Kila tarehe 7 Julai tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa maigizo, mashairi na hotuba ndefu za wageni waalikwa. Mwaka huu hotuba mbili zipunguzwe, na saa hizo tuweke meza nje ya lango kuu, mahali wanapopita wauza mboga na waendesha bodaboda, wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wawasaidie watu kuziangalia laini zao, kubadilisha nambari za siri na kuandika barua za kupinga mikopo isiyo yao. Wahadhiri wa tafsiri watupe fomu halisi za malalamiko kuwa kazi ya muhula, badala ya aya za magazeti zilizokwisha kutafsiriwa mara ishirini. Tafsiri bora zipelekwe kwa benki zenyewe, zikiambatana na nakala ya kifungu cha 46. Wakizikataa, wazikatae kwa maandishi.

Kijikaratasi cha kugawa mezani nimekwisha kukianza. Sentensi yake ya kwanza naiweka hapa ili ikosolewe: "Simu yako ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani yako inao, usingoje kesho; azima simu, uipigie kampuni yako, uombe laini yako ifungwe sasa hivi." Mwenzangu mmoja ameshaniambia kwamba wazee wa kwao hawasemi mtandao, wanasema netiweki, na kwamba neno ghafla lingeondolewa. Wenye maoni mengine wayalete kwa mhariri kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao.